Mwanamume wa Nyuma ya Wote

Kama Mama Mapazia angekuwa mwanamke wa kuona mshono uliofumuka akapita zake, asubuhi ile angemaliza mbio salama salama, akavishwa medali, akarudi nyumbani kuloweka miguu, nasi tusingekuwa na la kusimulia. Lakini fundi ni fundi. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu madirisha mengi ya mji ule yalivaa kazi ya mikono yake, na mtu wa namna hiyo hawezi kuvumilia uzi unaoning'inia, hata ukiwa mgongoni mwa chupa ya soda inayokimbia.

Ndiyo, chupa. Marathoni ile ilikuwa ya wadhamini kuliko ya wakimbiaji. Benki ilikuwa imetundika bendera zake kwenye kila nguzo ya taa. Kampuni ya simu ilikuwa imevisha watu fulana za kijani mpaka barabara ikafanana na shamba la mchicha. Nayo kampuni ya vinywaji ilikuwa imemtia bwana mmoja mnene ndani ya chupa ya sponji yenye kimo cha mlango, ili akimbie kilomita zote arobaini na mbili huku akiwapungia watu. Kila kona kulikuwa na vipaza sauti, na kila kipaza sauti kilikuwa na lake la kuuza. Katikati ya vurugu zote hizo Mama Mapazia alikuwa anakwenda vizuri. Kwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyeanza kukimbia mwaka uliopita tu, mwendo wake ulikuwa wa kuheshimika.

Halafu, zikiwa zimebaki kama kilomita kumi, Chupa akafumuka mgongoni.

"Dada yangu, nistiri," alisema yule bwana kupitia kitundu cha kupumulia. "Kwa joto hili humu ndani nimevaa chupi tu."

"Hukufikiria?"

"Nilifikiria joto. Sikufikiria mshono."

Mama Mapazia alichomoa sindano aliyokuwa ameichomeka ndani ya kofia yake pamoja na uzi, maana hakuwahi kutoka nyumbani bila sindano hata siku ya mazishi. Akamsimamisha Chupa kando ya barabara na kuanza kazi.

"Si unitie mishono miwili mitatu tu, dada? Watu wanatupita."

"Nikutie miwili mitatu ukafumuke mbele ya kamera za wadhamini? Tulia. Usipumue sana."

Alishona kwenda, akashona kurudi, akakata uzi kwa meno. Alipoinua uso barabara ilikuwa tupu. Chupa alimshukuru kwa majina yote ya Mungu aliyoyajua, akatimka, naye alipojaribu kumfuata akakuta mguu wa kushoto umeshapoa. Msuli ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo hakumlalamikia mtu. Alianza kuchechemea.

Ndipo aliposikia nyuma yake mngurumo wa basi linalokwenda taratibu, na mbele ya mngurumo huo, viatu vya mtu mmoja.

Kwenye mbio hizi kuna mtu wanayemwita mfagiaji. Kazi yake ni kuwa nyuma ya wote. Hubeba bendera ya rangi ya chungwa mgongoni na hukimbia nyuma ya mkimbiaji wa mwisho. Haruhusiwi kumpita, wala kumshika mkono, wala kumsukuma. Nyuma yake hufuata basi la kukusanya walioshindwa. Mkimbiaji akishasikia viatu vya mfagiaji, ajue mambo yamemfika shingoni.

Mama Mapazia alivisikia, na moyo ukampasuka. Hakuhitaji kugeuka. Huwezi kukimbia na mtu uwanjani kila alfajiri, wawili tu, umande ukilowesha soksi, halafu usiujue mwendo wake.

"Fundi," sauti ilisema nyuma yake.

Alijaribu kukaza mwendo.

"Fundi, unachechemea."

"Wewe ni mfagiaji?"

"Leo, ndiyo."

"Basi fagia. Usinisemeshe."

"Nafagia."

"Fagia kwa mbali."

"Sheria inasema nisimwache mbali mkimbiaji wa mwisho."

"Kumbe sheria unazijua! Ile ya kuaga mtu kabla ya kuondoka hukufundishwa?"

Viatu viliendelea, taf, taf, taf, kwa kasi ile ile ya kumsubiri.

Huyu bwana kwa kazi alikuwa mkandaji wa kliniki ya viungo. Walikutana siku Mama Mapazia alipokwenda kupima mapazia ya kutenganisha vitanda vya wagonjwa. Alikuwa amepanda juu ya kiti, futi mdomoni, na yule bwana akaja kukishika kiti kisiyumbe. Akakishika mpaka alipomaliza kupima vitanda vyote, wagonjwa wakimngoja. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba, mtaratibu wa kusema, na mwenye mikono ambayo Mama Mapazia, mjane wa miaka minne, aliiota usiku wa siku ile ile na kuona aibu asubuhi. Ndiye aliyemfundisha kukimbia. Ndiye aliyesema wataikimbia marathoni hii bega kwa bega. Kisha siku moja simu yake haikupokelewa. Ujumbe uliokuja ulikuwa na maneno ya kuhesabika: nisamehe, usinitafute, wewe hujakosa kitu. Mama Mapazia alipokwenda kliniki akaambiwa amehamia tawi la upande wa pili wa mji.

Mwanamke mwingine angetupa viatu vya mbio. Mama Mapazia aliendelea kukimbia kwa hasira, na hasira, kwa wasiojua, ni mafuta mazuri sana.

"Umenifuata?" aliuliza baada ya mwendo kidogo, bado amempa kisogo.

"Mfagiaji wao ameamka na tumbo la kuendesha. Kliniki yetu ina hema la kukandia wakimbiaji pale mwisho, wakaomba mtu. Nikatumwa mimi. Sikujua nitakukuta huku. Nilidhani uko mbele."

"Ungejua?"

"Ningekimbia haraka zaidi."

Midomo ya Mama Mapazia ilitaka kutabasamu, naye akaiuma kuikataza. Ni hasara kubwa mwili ukiwa unamkubali mtu ambaye kichwa kimeshamfukuza.

"Simama kidogo," Mkandaji alisema. "Siruhusiwi kukugusa, lakini mdomo hawajaufunga. Ncha ya kiatu iweke juu ya ukingo wa barabara. Kisigino kiache kishuke. Polepole. Usipigane nao huo msuli, ubembeleze."

"Kama ulivyonibembeleza mimi?"

"Kisigino chini, Fundi."

Alishusha kisigino. Maumivu yalipanda mpaka nyuma ya goti, kisha yakaanza kulegea. Sasa ilibidi watazamane, kwa sababu alikuwa amegeuka upande. Alimwona amekonda. Ndevu alikuwa ameziachia kidogo, na macho yake, yale macho ya kusikiliza, yalikuwa mguuni kwake kwa uchungu wa fundi anayeona kazi yake na kukatazwa kuishika. Mikono ilikuwa imefungamana nyuma ya mgongo, vidole vikikamatana. Mama Mapazia aliitazama mikono hiyo muda mrefu kuliko ilivyostahili, na moyoni akakiri kwamba hajapona. Alimpenda. Siku zote zile za hasira alikuwa anampenda tu.

"Jitazame na wewe," alisema kwa ukali ili asilie. "Umekonda kama ndoano ya pazia."

"Nakula."

"Unakula nini, upepo?"

Nyuma yao basi lilikuwa limesimama likiwasubiri. Mkandaji aliinamisha kichwa.

"Nikwambie jambo usije ukaliona mwenyewe ukashtuka. Binti yako yumo ndani ya basi."

Mama Mapazia aligeuka. Alijua kwamba mwanawe anafanya kazi na kampuni iliyoandaa mbio. Alijua amepewa kusimamia mambo ya nyuma, barabara kufunguliwa na watu kukusanywa, lakini alidhani mambo hayo yanasimamiwa ofisini, kwenye kiyoyozi. Kumbe msichana alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, amevaa kizibao cha kung'aa, redio ya mkononi imemziba nusu ya uso. Wajomba zake walimwita Hakimu tangu utotoni, kwa sababu watoto wakigombana yeye ndiye aliyekaa kwenye ngazi kutoa hukumu. Sasa Hakimu aliona mama yake anamtazama, akageukia dirisha la pembeni.

Redio ilisikika mpaka nje, ikiliita kundi la nyuma kwa jina lake la redioni: "Mkia, Mkia, mko wapi?"

"Mkia tunasogea," binti alijibu kwa sauti ya kazini.

Mama Mapazia alianza tena kwenda, nusu mbio nusu mwendo. Walipita maduka yaliyofungwa, kituo cha mafuta, kituo cha maji ambapo wasichana wawili walikuwa wanakunja meza na kufagia vikombe. Wasichana walimpa maji na kumpigia makofi, naye akawaitikia kwa heshima zote. Chupa alionekana mbali, doa jekundu linaloyumba. Mshono ulikuwa umeshika.

"Sasa nijibu," alisema. "Kulikuwa na mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Ni umri wangu?"

"Umri wako niliukuta, Fundi. Haukunishtua siku ile, ungenishtuaje baadaye?"

"Ndugu zako?"

"Mama yangu mpaka leo anauliza yule fundi anakuja lini kumpimia dirisha la sebuleni. Nimeishiwa uongo."

"Basi ni ndugu zangu."

Viatu vyake vilikosa mpigo mmoja, kisha vikashika tena.

Sasa, mtu aliyeshona maisha yake yote anajua kwa vidole tu mahali penye fundo, hata kitambaa kiwe kizito namna gani. Mama Mapazia alikwenda hatua kadhaa akiwapitisha ndugu mmoja mmoja kichwani. Kaka zake walikuwa wanabwabwaja tu, hawana la kufanya. Shemeji zake hawakuujua hata mlango wa kliniki. Aligeuza shingo akalitazama basi.

"Alikwambia nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto mdogo."

"Fundi, mimi sina neno la kusema juu ya mwanao," alisema taratibu. "Hata ningekuwa nalo, nisingelisema. Huyo ni mwanao. Mimi ni mtu niliyekuja kushika kiti."

"Kwa hiyo ulinyamaza? Miezi yote hii, mimi nakuapiza na wewe umenyamaza?"

"Uliniapiza?"

"Kila asubuhi. Nilikuombea upele."

"Ulikuja," alisema, akajikuna shingo, na Mama Mapazia akacheka kabla hajajizuia. Alicheka kwa sauti, katikati ya barabara tupu, mguu unauma na jasho linamwingia machoni. Ndani ya basi binti yake alikisikia kicheko hicho na kushusha redio mapajani.

Mbele yao barabara ilipinda kushuka kwenye daraja. Upande wa pili wa daraja, kilomita chache tu, ndipo mbio zilipoishia. Lakini askari wa usalama barabarani alikuwa tayari ameshika kizuizi, na nyuma yake magari yamepanga foleni, madereva wakipiga honi. Sheria ilikuwa imetangazwa na kila mtu aliisikia: ambaye hajapanda daraja wakati barabara inafunguliwa anavua namba ya kifuani na kupanda basi. Mwenye kumwambia hivyo ni mfagiaji.

Askari aliangalia saa yake, akainua mkono. Chupa alikuwa ameshavuka. Mama Mapazia alikuwa bado.

Viatu nyuma yake vilisimama.

"Fundi." Mkandaji aliita taratibu. "Mimi ndiye ninayetakiwa kukwambia."

"Basi niambie."

"Unaona mwenyewe."

"Sitaki kuona mwenyewe. Mara ya kwanza uliniachia nione mwenyewe. Leo njoo mbele yangu, nitazame usoni, useme."

Alikuja. Alisimama mbele yake, bendera imemwinamia begani, karibu kiasi cha Mama Mapazia kusikia harufu ya ile dawa ya kuchulia iliyokuwa haiishi mikononi mwake.

"Mbio zako zimeishia hapa," alisema. "Mbio tu. Mimi kwako sijaisha. Nilijaribu, sikuweza."

Mlango wa basi ulifunguka kwa kishindo. Hakimu alishuka, redio mkononi, uso wa ofisini.

"Mama, pole. Panda, tafadhali. Barabara inafunguliwa."

Mama Mapazia alianza kuchomoa pini za namba yake, moja moja, akizichomeka kwenye kofia kwa mazoea. Alimkabidhi mwanawe namba. Hakusogea kwenda kwenye basi.

"Ulimwambia nini huyu?"

Binti alimgeukia Mkandaji kwa haraka. "Umemwambia?"

"Hajasema neno," alijibu mama yake. "Wewe ndiye umesema, sasa hivi."

Damu ilimwisha binti usoni. Kwenye madirisha ya basi nyuso za wakimbiaji waliochoka zilikuwa zimejipanga. Bibi mmoja aliyefungwa barafu gotini alifungua kioo kabisa, asipitwe.

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie, wamelipia kiingilio. Nasubiri."

Hakimu aliiangalia namba mikononi mwake. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, hodari wa kuamrisha madereva na askari, lakini sasa kidevu kilimtetemeka kama cha mtoto aliyevunja sahani.

"Nilikwenda kliniki kwake," alisema. "Nilimwambia wajomba wanacheka. Nilimwambia anakuvunjia heshima, mwanamume mdogo vile, kila asubuhi mnaonekana uwanjani. Nikamwambia kama anakupenda kweli, aondoke." Alifuta pua kwa kiganja. "Nilitaka abishane, Mama. Nilijiandaa. Abishane nipate sababu ya kumchukia. Yeye akaniuliza kitu kimoja tu, ule mguu wako wa kushoto nani atakuwa anaukanda. Sikuwa na jibu. Akasema basi. Akaondoka."

Bibi wa barafu aliinamisha macho.

"Wajomba hawakukutuma," Mama Mapazia alisema, na sasa ukali ulikuwa umemwisha. "Hao hujawahi kuwasikiliza hata kwenye mambo ya maana. Sema ni nini hasa."

"Ulikuwa unacheka." Binti alilia wazi sasa. "Nilirudi kutoka kazini nikakusikia jikoni unacheka naye, nikasimama mlangoni. Tangu Baba afariki nilikuwa sijakusikia unacheka hivyo. Mimi nilikuwa nimejaribu kila kitu, Mama. Nimekupikia, nimekuletea vichekesho kwenye simu, nimelala chumbani kwako. Sikuweza. Halafu akaja mtu tu, mtu wa kukanda miguu, akaweza."

Mama Mapazia alimtazama mwanawe kama aliyekuwa hajamwona siku nyingi. Alitaka kumkumbatia, lakini alijua akimkumbatia kwanza hatasema, na asiposema leo hatasema tena. Alipiga moyo konde.

"Nisikilize. Nampenda huyu mtu. Sikuombi ruhusa, nakuarifu, maana umekuwa mtu mzima mwenzangu. Baba yako yuko pale pale alipo, hakuna wa kumtoa. Na wewe wakati ule ulinishika nisianguke. Aliyenishika ni wewe, si yeye. Lakini mtu akishashikwa asianguke, bado anataka kutembea."

Binti alikuwa anakunja ile namba, anaikunjua.

"Basi mimi sipandi," Mama Mapazia alimaliza. "Waenda kwa miguu hawafungiwi daraja. Nitapita pembeni mpaka mwisho, kwa mguu wangu mwenyewe."

"Mama, mguu huo umeumia!"

"Umeumia, lakini ni wangu."

Redio ilikoroma: "Mkia, Mkia! Chupa yuko peke yake upande wa pili. Ndiye wa mwisho sasa. Mfagiaji yuko wapi?"

Mkandaji hakusogea. Alimtazama Mama Mapazia, kisha akamgeukia binti yake, akasema kwa upole, bila lawama:

"Dada, mara ile uliniambia niondoke, nikaondoka. Sasa hivi redio ndiyo inayoniambia. Mimi leo sitaki kuondoka mpaka mtu wa nyumba hii aniambie nirudi au nisirudi."

Hakimu alifungua mdomo. Miaka yote ya kukaa kwenye ngazi na kutoa hukumu, na leo hukumu ilimkwama kooni.

"Nenda," Mama Mapazia alimwambia Mkandaji, akimwonea huruma mwanawe. "Kazi ni kazi. Usimwache yule bwana peke yake, asije akaishiwa nguvu akiwa kwenye sponji."

Alikwenda. Alikimbia huku anageuka nyuma, akapanda daraja, bendera ya chungwa ikapungua mpaka ikapotea kati ya magari yaliyoruhusiwa kupita.

Mama Mapazia alivuka kwenda njia ya waenda kwa miguu, akashika chuma cha daraja, akaanza. Alitegemea kusikia basi likimpita. Lilimpita kweli, bibi wa barafu akimpungia, lakini kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mkono ulimshika kwenye kiwiko.

"Dereva anaijua njia," binti alisema. "Niegemee."

Walikwenda hivyo, bila haraka. Wenye maduka walikuwa wanafungua milango yao ya chuma. Vijana wa benki walikuwa juu ya ngazi wanatungua bendera. Mpiga picha wa mbio alikuwa anafunga mikoba yake na hakuwaona kama watu wa kupigwa picha. Binti aliuliza kama mguu unauma, mama akasema unauma. Mbele kidogo binti aliuliza kitu kingine, kwa sauti ndogo:

"Ningekuwa nimekwambia mapema, ungenisamehe?"

"Ningekuchapa kwanza."

"Halafu?"

"Ningekusamehe. Nitakwenda wapi? Mama hana tawi la pili la kuhamia."

Binti alicheka na kulia kwa pamoja. Mama Mapazia alimwegemea zaidi kidogo, na si kwa ajili ya mguu. Alikuwa amesema yote yaliyokuwa yake kusema. Lililobaki halikuwa lake. Alijua kabisa kwamba Mkandaji yule, kwa jinsi alivyoumbwa, hataingia tena nyumba ambayo mtoto wa nyumba hamtaki. Hata angepigiwa magoti asingeingia.

Redio ilikoroma tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mkubwa wa kazi, na alikuwa amekasirika.

"Mkia, nisikilize. Chupa ameshavuka mstari. Mfagiaji wenu amegoma kuvuka. Amesimama hatua moja kabla ya mstari, anasema wa mwisho bado. Mimi kwenye kumbukumbu sina mtu mwingine. Wadhamini wameshaondoka, nataka nikunje lango, na yeye hataki kutoka. Huyu mtu ni nani? Ni wa nani?"

Hakimu alisimama. Redio ile ilisikika kwa kila mtu wa kampuni, tangu ofisini mpaka kwa waliokuwa wanakunja mahema. Wafanyakazi wenzake wote walikuwa wanasubiri jibu. Mama Mapazia hakumtazama. Alijitia kuangalia dirisha la duka la viatu, lakini moyo ulikuwa unampiga mpaka kwenye meno.

Binti alibonyeza kitufe.

"Ni mtu wetu."

"Rudia, Mkia?"

"Nasema ni mtu wetu. Ni mtu wa mama yangu." Sauti ilimkatika, akaikusanya upya. "Mwambieni nimesema asubiri. Mwambieni ni mimi nimesema. Tunakuja."

Redio ilinyamaza. Ilinyamaza muda mrefu, mpaka Mama Mapazia akashindwa kuendelea kuangalia viatu. Kisha yule mkubwa akarudi, hasira imemtoka, kwa sauti ya mtu asiyejua ameingia kwenye jambo gani.

"Sawa, Mkia. Nimemwambia. Ameketi chini, analia." Kukawa na mkwaruzo. "Anasema mama asiharakishe. Mguu wa kushoto."

Mama Mapazia aliinama akaficha uso begani mwa mwanawe, palepale mbele ya duka la viatu, watu wakipita. Binti alimshikilia mpaka alipotulia. Kisha wakaendelea.